Ukoka wa nyumbani Dar es Salaam: tuhesabu lita kwanza, ndipo tuzungumzie urembo

Mwanzisha uzi, Kigamboni

Wakuu, salaam. Nimetunza ua wa nyumba yangu huku Kigamboni kwa miaka sita sasa, na katika miaka hiyo nimefanya makosa ambayo yangeepukika endapo ningekaa chini na kalamu kabla ya kushika jembe. Naleta uzi huu kwa sababu kila ifikapo Julai nauona mpira wa maji ukiwa umefunguliwa katika nyua za mtaani kwetu saa nne asubuhi, jua limeshapanda, huku ukoka wenyewe ukizidi kugeuka rangi ya makuti, na mwenye nyumba akilaumu mbolea au mtunza bustani, ilhali tatizo limo katika hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ukoka unaotakiwa kubaki kijani kibichi wakati wa kiangazi huhitaji takriban milimita 25 kwa wiki. Mimi nilipohamia nilipanda mita za mraba 240, kuanzia ukutani hadi getini, kwa sababu ndivyo nilivyoona kwenye picha za nyumba nzuri. Maana yake nilijiwekea deni la lita 6,000 kila wiki, yaani yuniti sita za bomba, zaidi ya tangi zima la lita 5,000, kabla sijahesabu kinachochukuliwa na upepo wa kusi na mchanga wetu huu ambao haushiki kitu. Nilipoona bili, nikahamia kwenye kisima kifupi cha uani. Baada ya miezi mitatu ncha za majani zilianza kuungua na juu ya udongo pakatanda utando mweupe wa chumvi.

Kosa la pili lilikuwa kumwagilia kidogo kidogo. Nilikuwa nikisimama na mpira dakika kumi kila jioni, nikiona majani yanang'aa, nikaridhika. Siku moja mzee anayenisaidia bustani alichukua panga mara tu nilipofunga bomba, akakata kipande cha udongo mbele yangu, akakigeuza kiganjani. Juu palikuwa na unyevu wa kina cha pingili moja ya kidole. Chini yake mchanga ulikuwa mkavu, ukamwagika kati ya vidole vyake kama unga wa sembe, na mizizi yote ya ukoka ilikuwa imesongamana ndani ya ile pingili moja, kwa kuwa huko chini haikuwa na cha kufuata. Mzee hakunieleza neno. Alikirudisha kipande mahali pake, akakikanyaga kwa kisigino, akaendelea na kazi.

Oktoba 2022 mgao wa maji ulipoanza, baada ya kina cha Mto Ruvu kupungua, ukoka wangu ulikufa ndani ya wiki mbili. Wa jirani yangu, ambaye humwagilia mara moja tu kwa wiki lakini kwa wingi, ulififia bila kufa, na mvua zilipokuja ukachipua upya.

Sasa nimebakiza mita za mraba 80 mbele ya baraza, mahali ambapo watoto hucheza na wageni huwekewa viti. Kwingine kote nimeuliza swali moja tu: je, kuna mtu anayekanyaga hapa? Kama hakuna, ukoka hauna kazi hapo. Kwenye jua kali nimetandaza matembele, ambayo hufunika ardhi ndani ya wiki chache na huingia jikoni bila kupitia sokoni. Kandokando ya ukuta kuna mchaichai na asumini. Chini ya mwembe sikupanda kitu, kwa kuwa majani yake yenyewe ndiyo matandazo, na nimemwomba kila mtu wa nyumbani asiyafagie.

Hili la kufagia nadhani ndilo gumu kuliko yote. Tumelelewa kuamini kwamba ua msafi ni ule uliofagiliwa kwa ufagio wa chelewa hadi ardhi ikabaki na mistari, na takataka za majani zikachomwa kwenye kona. Nakiri kwamba macho yangu bado yanaupenda ua wa namna hiyo. Lakini ardhi iliyo tupu hupigwa na jua na mvua moja kwa moja, hutengeneza gamba, na maji badala ya kuzama hukimbilia mtaani yakibeba udongo wa juu. Kisha tunachoma majani ambayo yangekuwa mbolea, halafu tunaenda dukani kununua mbolea.

Kuhusu kumwagilia, natumia makopo matupu ya maziwa. Nayapanga manne au matano kwenye ukoka, nafungua kinyunyizio, kisha napima kwa rula maji yaliyoingia. Kwa njia hiyo nimejua kwamba bomba langu huchukua dakika 40 kutoa milimita 15, ambazo ndizo ninazotoa kwa wiki wakati wa kusi, kwa kuwa hali ya hewa huwa imepoa na nimekubali ukoka upauke kidogo. Mita 80 kwa milimita 15 ni lita 1,200. Namwagilia alfajiri, kwa sababu maji ya mchana huliwa na jua, na majani yakilala mabichi usiku kucha katika unyevunyevu wa pwani huvuta magonjwa ya ukungu.

Mchangiaji, Mbezi

Mkuu, umeandika vizuri, ila naomba nipingane nawe mahali pamoja. Hayo majani yasiyofagiliwa na nyasi zinazoachwa ndefu ni nyumba ya nyoka na mbu. Mimi nina watoto wadogo na nisingethubutu. Isitoshe, kila nilipoweka matandazo nimepata mchwa.

Mwanzisha uzi

Mkuu, hofu yako ni halali na sitaidharau. Hata hivyo, nyasi za sentimita tano kama zangu si kichaka. Nyoka hufuata panya na vyura, na panya hufuata mabaki ya chakula, rundo la matofali na mbao zilizosahaulika nyuma ya nyumba, kwa hiyo ukiondoa hayo umeondoa sehemu kubwa ya mwaliko. Upande wa mbu, ni kweli kwamba mbu wazima hujificha kwenye majani mchana, lakini hawazaliwi humo. Wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama: vifuu vya nazi, sahani za chini ya vyungu vya maua, tairi kuukuu, tangi lisilo na mfuniko, pamoja na yale makopo yangu ya kupimia, ambayo sharti yamwagwe siku hiyo hiyo. Mbu anayeeneza homa ya denge huweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku saba hadi kumi, na sisi wa Dar es Salaam tuliopitia milipuko ya 2014 na 2019 hatuhitaji kukumbushwa. Zunguka ua wako kila Jumamosi, mwaga kila kilichoshika maji, na utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko kufyeka.

Mchwa nao wapo, sikatai. Matandazo yasiguse ukuta wala shina la mti. Acha nafasi ya nusu mita kutoka ukutani ili njia zao za udongo zionekane mapema, na usitumie vipande vya mbao karibu na nyumba.

Mchangiaji, Tanga

Nashukuru kwa uzi huu. Naomba niongeze jambo la wadudu, kwa sababu ndiko watu wanakoharibu zaidi kwa nia njema. Huku kwetu mtu akiona majimoto kwenye mnazi au mwembe, kwanza hukimbilia dawa, kwa kuwa wale sisimizi wekundu wanauma kweli, na kuvuna embe ukiwa nao shingoni si jambo la kutamanika. Lakini majimoto ni askari. Hao ndio wanaomfukuza mdudu anayefyonza nazi changa hadi zikadondoka kabla ya wakati, na kwenye mikorosho na miembe wanawazuia wadudu wengi wengine. Ukipuliza kiuatilifu cha kuua kila kitu, wa kwanza kufa ni hao, na wanaorudi haraka ni wale uliotaka kuwaondoa.

Mimi hutumia mbegu za mwarobaini. Naponda gramu 50 za mbegu zilizokaushwa kivulini kwa kila lita ya maji, nalaza usiku mmoja, nachuja kwa kitambaa, naongeza sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani, kisha napuliza jioni, kwa kuwa jua huivunja haraka. Msitarajie wadudu waanguke papo hapo. Mwarobaini huwafanya waache kula na washindwe kukua, kwa hiyo matokeo huonekana baada ya siku kadhaa, na lazima urudie baada ya wiki moja au mvua ikinyesha.

Konokono wale wakubwa wa pwani hawana haja ya dawa yoyote. Toka na tochi saa mbili usiku baada ya mvua, uwe na ndoo na glavu, uwaokote. Usiku tatu mfululizo zilitosha kuokoa michicha yangu.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu wa Tanga. Nami niongeze kwamba kwenye miembe adui mkubwa ni inzi wa matunda kutoka Asia, ambaye aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi. Embe lililoanguka na kuachwa chini ndilo shule yake ya malezi. Yaokote kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi usiopitisha hewa, uuache juani kwa wiki moja au mbili hadi mabuu yafe, ndipo uyapeleke kwenye mboji. Na yeyote ambaye bado ataona hana budi kununua kiuatilifu, basi ahakikishe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, asome lebo yote, na asinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kama muuzaji ni mtu wake wa siku zote.

Mchangiaji, Goba

Wengi mnazungumzia tambarare. Sisi wa milimani tuna tatizo lingine: maji yanapita kwa kasi na kuondoka na kiwanja. Nilimwaga zege na pevingi ua mzima nikadhani nimemaliza, masika yaliyofuata maji yote ya paa na ya ua yakaingia kwa jirani wa chini. Tulifikishana hadi kwa mjumbe. Nimeng'oa theluthi moja ya pevingi, nikapanda nyasi za vetiva kwa mistari inayokata mteremko, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake hushuka wima hata mita tatu, na baada ya misimu miwili udongo ulioteremka umejijaza nyuma ya mistari, kiasi kwamba ua wangu umepata ngazi ambazo sikuzijenga. Majani yake nayakata mara mbili au tatu kwa mwaka na kuyatumia kama matandazo.

Mchangiaji, Nairobi

Huku kwetu, juu ya mita 1,600, nyasi ya Kikuyu ndiyo mwenyeji, na kwa kweli haihitaji kubembelezwa; mvua za Machi hadi Mei zikishaishika, shida ni kuizuia isiingie kwenye mboga. Mimi nachimba mtaro mwembamba wa sentimita 15 pembeni mwa bustani na kuukata upya kwa jembe kila mwezi. Ninachotaka kuwaonya ndugu zangu wa pwani ni kwamba msiibebe kuipeleka huko. Shemeji yangu wa Mtwapa aliipanda, ikanyong'onyea kwa joto, naye akaendelea kuimwagilia kama mgonjwa wa hospitali.

Mwanzisha uzi

Hapo umenigusa, maana wengi wameniuliza nyasi gani zipandwe. Kwa pwani kuna mbili ninazozifahamu kwa mikono yangu. Ukoka wa majani membamba huvumilia jua, ukame na kukanyagwa, lakini hauvumilii kivuli hata kidogo. Chini ya mti utahangaika nao miaka yote. Nyasi za Pemba, zile za majani mapana, ni za ukanda huu wetu wa Bahari ya Hindi. Huvumilia kivuli na chumvi kiasi, ila huchoka zikichezewa mpira kila siku. Kwa hiyo kwangu ukoka uko mbele ya baraza, na Pemba iko upande wa mashariki unaopata kivuli cha nyumba alasiri.

Kukata nako kuna kanuni: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Ukoka wangu unabaki sentimita nne hadi tano, Pemba sita hadi nane. Ukinyoa hadi ardhi ionekane, jua linaunguza shina, magugu yanapata mwanga wa kuota, na mizizi inafupika. Kwanja au mashine iwe kali. Kisu butu hurarua jani badala ya kulikata, na siku ya pili ua mzima unakuwa na ncha za kahawia. Nyasi zilizokatwa ziache pale pale, zikiwa fupi na kavu. Zinaoza haraka na kurudisha takriban robo ya naitrojeni ambayo ukoka unahitaji.

Kuhusu naitrojeni, naomba tuwe waangalifu na yurea. Ina naitrojeni asilimia 46, na kwenye mchanga wa Kigamboni mvua moja ya masika huisukuma chini ya mizizi hadi kwenye maji yale yale ambayo majirani wanayavuta visimani. Mimi naweka mboji iliyochekechwa, unene wa nusu sentimita, mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa vuli na mwanzoni mwa masika. Mboji haileti kijani cha ghafla. Inachofanya ni kuufundisha mchanga kushika maji, na hilo kwangu lina thamani kuliko rangi.

Mchangiaji, Temeke

Kaka, mimi nina eneo dogo tu nyuma ya nyumba na nimejaribu mboji mara mbili. Mara ya kwanza ilinuka mpaka wapangaji wakalalamika, mara ya pili kunguru waliitawanya uani kote. Halafu jivu la mkaa nalo niliambiwa ni mbolea. Niliweke?

Mwanzisha uzi

Dada, harufu maana yake ni kwamba mabaki mabichi yalizidi na hewa haikupita. Kwa kila ndoo moja ya maganda ya jikoni, weka mbili au tatu za vitu vikavu: majani makavu, makumbi yaliyochambuliwa, maboksi yaliyochanwachanwa. Rundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ulipindue kila wiki, na likianza kutoa joto la kukufanya uondoe mkono, ujue linafanya kazi. Nyama, dagaa na wali uliochacha visiingie kabisa, kwani hivyo ndivyo vinavyowaita kunguru na panya. Kunguru hao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula taka, nasi tumebaki na wageni wasioaga. Mimi natumia pipa kuukuu lililotobolewa matundu pande zote na kufunikwa kwa wavu wa kuku; baada ya miezi mitatu hadi minne napata mboji nyeusi isiyo na harufu ila ya udongo wa mvua.

Jivu, hapana, au kidogo mno ndani ya mboji. Jivu hupunguza asidi ya udongo, na maeneo mengi ya pwani yenye mawe ya matumbawe tayari hayana asidi ya kupunguza. Ukiendelea kulimwaga, mimea itakuwa ya njano ingawa virutubisho vipo, kwa sababu haiwezi tena kuyafyonza madini ya chuma.

Umenikumbusha pia maji ya kufulia, ambayo watu wengi wananiuliza kwa ujumbe. Maji ya kusuuzia hayana shida kubwa. Yale ya kwanza, yenye povu la sabuni ya unga, yana chumvi ya sodiamu, ambayo ikijikusanya huua muundo wa udongo, kwa hiyo siyapeleki kwenye ukoka wala kwenye mboga za majani. Nimechimba shimo la upana wa mita mbili na kina cha mita moja, nikalijaza matawi na majani, nikazungushia migomba mitano, na maji hayo huishia humo. Mvua za masika hulisuuza. Migomba hiyo haijawahi kumwagiliwa kwa maji ya bomba.

Mchangiaji, Temeke

Nimekuelewa, kaka, nashukuru. Swali la mwisho: nataka kupanda Pemba kidogo mbele ya mlango, kama mita za mraba 10. Nianze lini, na maji ya kuanzia nitayatoa wapi kwa mgao huu?

Mwanzisha uzi

Subiri mvua za vuli zishike, usipande kiangazi hata kama mwenye kitalu atakuhakikishia. Mwishoni mwa Septemba lima kina cha jembe moja, changanya ndoo kumi au kumi na mbili za mboji au samadi iliyooza vizuri. Ya kuku ikiwa mbichi itaunguza mizizi. Kisha nunua au omba vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, vizike kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, kifundo kimoja kikiwa juu ya ardhi. Siku ambazo mvua haijanyesha, mwagilia kila asubuhi kwa wiki mbili za kwanza, halafu kila siku ya tatu, halafu uache ifuate mvua. Ng'oa magugu kwa mkono wakati bado ni machanga. Kufikia mwisho wa masika ardhi itakuwa imefunikwa.

Maji ya kuanzia yatoke juu ya paa lako. Paa langu ni mita za mraba 120. Mvua ya kwanza naiachia ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo naunganisha gata na tangi lenye mfuniko na wavu wa kuzuia mbu. Mvua moja nzuri ya milimita 30 ingenipa lita 3,600. Toa zinazopotea njiani, zinabaki kama 2,900, yaani zaidi ya wiki mbili za ukoka wangu wote. Kwa mita zako 10, dada, hata paa la chumba kimoja na sebule litakutosha.